Digrii ziko kwenye dira, radiani ziko tumboni mwa manowari

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha sita hapa Tanga, nasoma Fizikia, Kemia na Hisabati. Mwalimu wetu ametuambia radiani zinatumika sana kwenye manowari, katika kulenga mizinga na kwenye rada. Nikamuuliza mjomba wangu, ambaye amefanya ubaharia miaka ishirini, akacheka. Anasema hajawahi kusikia mtu akitaja radiani melini, wao ni digrii tu. Nimwamini nani? Na kama duara lina digrii 360 na zinatosha, radiani zililetwa za nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Waamini wote wawili. Mjomba anazungumzia kile kinachosomwa kwa jicho: dira ina digrii, ramani ya bahari ina digrii na dakika, na nahodha akimwamuru mshika usukani atasema "sifuri tisa sifuri", hatasema "pai juu ya mbili". Mwalimu wako anazungumzia kinachofuata baada ya hapo, pale pembe inapotakiwa igeuke kuwa mita na sekunde. Safari hiyo, kutoka pembe hadi mita, haina njia nyingine ila kupitia kwenye radiani. Wengine huipita wakijua, wengine huvushwa na mashine wasijue.

Tuanze na radiani yenyewe. Vitabu vingi huitambulisha vibaya: vinaandika kwamba digrii 180 ni sawa na radiani π, mwanafunzi anakariri, na tangu siku hiyo anaiona kama fedha ya kigeni, kitu cha kubadilisha tu. Weka kitabu pembeni. Chukua sinia, tafuta katikati yake, kata uzi wenye urefu sawasawa na kutoka katikati hadi ukingoni. Ulaze uzi huo juu ya ukingo. Pembe inayofunguka pale katikati, kutoka ncha moja ya uzi hadi ncha ya pili, ndiyo radiani moja. Ni kama digrii 57.3. Ukiendelea kuulaza uzi kuzunguka sinia zima, utaingia mara sita na kitabaki kipande: mara 6.28. Sinia liwe la chai au la pilau ya harusi, jibu ni hilohilo. Digrii 360 ni urithi wa Wababeli na hesabu zao za sitini sitini. Watu walikaa wakazichagua. Radiani hakuna aliyeichagua, imo ndani ya duara lenyewe.

Kwa hiyo radiani ni urefu wa tao ugawe kwa nusu kipenyo. Pembe ikiwa ndogo, tao na mstari ulionyooka karibu ni kitu kimoja, na hapo unaweza kusema kwa wepesi zaidi: radiani ni upana wa kitu ugawe kwa umbali wake. Shika hilo, maana karibu kila kitu nitakachokueleza kinatoka humo.

Wazo hili si geni katika bahari yetu. Nyosha mkono mbele, inua kidole cha shahada. Upana wake ni kama sentimita 2, na kutoka jichoni hadi kwenye kidole ni kama sentimita 70. Gawa: radiani 0.029, yaani digrii 1.6 na ushei. Manahodha wa Bahari ya Hindi, wa zama za Ahmad ibn Majid katika karne ya 15, walipima urefu wa nyota juu ya upeo wa bahari kwa kipimo walichokiita isba, yaani kidole, na kidole chao kilikuwa karibu na hiyohiyo digrii 1.6. Walikuwa pia na kibao chenye uzi wa mafundo, kamal. Unashika fundo kwa meno, unauvuta uzi ukakaza, unaweka ukingo wa chini wa kibao kwenye upeo na wa juu kwenye nyota. Kila fundo ni umbali mwingine kutoka jichoni, kwa hiyo ni pembe nyingine. Upana wa kibao ugawe kwa urefu wa uzi. Hawakuwa na jina radiani, ila kazi waliyokuwa wakiifanya ndiyo hiyo.

Sasa twende Rufiji, kwa sababu sijui mfano mzuri zaidi wa hesabu ya manowari kuliko ule uliotokea hapa kwetu.

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia na kuizamisha HMS Pegasus ya Waingereza hapo bandarini Unguja, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko, ikiwa na mashine mbovu. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa sababu maji ni mafupi. Mwaka 1915 zikaletwa meli mbili zisizohitaji kina kirefu, Severn na Mersey, zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya mito ya Brazil, kila moja ikiwa na mizinga miwili ya inchi 6. Tarehe 6 Julai ziliingia mtoni, zikatia nanga, zikaanza kufyatua kwenye shabaha ambayo hakuna mpiga mzinga hata mmoja aliyeiona. Kati yao na Königsberg palikuwa na karibu kilomita 10 za mikoko na vijito. Macho yao yalikuwa ndege iliyopaa kutoka kisiwa cha Mafia, na mtazamaji aliyekaa humo akiwaambia kwa simu ya upepo kila kombora limeangukia wapi.

Fanya hesabu yao. Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115 hivi. Kutoka kilomita 10, hata kama ingekugeuzia ubavu wote, upana wake machoni ni 115 ugawe kwa 10,000: radiani 0.0115. Kwa digrii ni theluthi mbili ya digrii moja. Mlengaji akikosea digrii moja tu, kombora linaangukia mita 175 pembeni, kwenye tope. Unaona sasa kwa nini digrii ni kipimo kinene mno kwa kazi ya mzinga. Ndiyo maana watu wa mizinga walipenda kuigawa radiani mara elfu. Miliradiani moja ni mita 1 kwa kila kilomita 1. Kwa kilomita 10 ni mita 10. Mtazamaji angani akisema limeangukia mita 60 kushoto, unagawa 60 kwa kilomita 10, unapata 6, unausogeza mzinga miliradiani 6 kulia. Hesabu hiyo unaifanya kichwani huku mizinga ikinguruma kando yako. Ukitaka kuifanya kwa digrii, itakubidi kila mara uipitishe kwenye 57.3, na Königsberg nayo ilikuwa inajibu mapigo. Siku ile iliipiga Mersey na kuua mabaharia.

Sisemi kwamba wale mabaharia walitamka neno radiani. Wao walipima umbali kwa yadi, na vyombo vyao vilichorwa kwa digrii na dakika. Nasema kwamba kila sahihisho lililotoka angani likaishia kwenye gurudumu la kugeuzia mzinga lilikuwa mgawanyo huo, upana kwa umbali, hata kama limefichwa ndani ya jedwali lililochapishwa. Siku ya kwanza yalifyatuliwa makombora zaidi ya 600 na Königsberg ikabaki inaelea. Sababu mojawapo ni kwamba meli mbili zilifyatua kwa pamoja, na mtazamaji hakuweza kujua lipi ni la nani, kwa hiyo amsahihishe nani. Tarehe 11 Julai zikarudi, mara hii zikifyatua kwa zamu. Pembe zikaanza kuwa na maana, na siku hiyohiyo Königsberg ikawaka moto mpaka nahodha wake, Max Looff, akaamuru ilipuliwe. Mizinga yake iliopolewa na Wajerumani wakapigania nayo nchi kavu. Mmoja wapo upo Fort Jesus, Mombasa. Ukifika pale, tazama magurudumu ya kuugeuzia na kuuinulia.

Tahadhari moja hapa, kwa sababu utakutana nayo ukisoma zaidi. Majeshi ya NATO yanagawa duara katika sehemu 6,400, Wasovieti waligawa katika 6,000, Waswidi katika 6,300, na kila sehemu hizo inakaribia miliradiani moja. Duara halisi lina miliradiani 6,283 na kidogo. Majeshi yalikoroga namba ili ipatikane inayogawanyika vizuri kwenye vyombo. Ukitumia kipimo cha NATO kana kwamba ni miliradiani kamili, unakosea karibu asilimia 2. Kwa sahihisho la mita 60, kosa hilo ni mita 1 tu na hakuna atakayelalamika. Kwenye kompyuta inayoongoza kombora halikubaliki hata kidogo.

Umeshaona tumekuwa tukisema "kilomita 10" kana kwamba bahari ina mawe ya kuhesabia maili. Kabla ya rada, huo umbali ulijulikanaje? Kwa pembe vilevile. Kampuni ya Barr & Stroud ya Glasgow ilitengeneza bomba refu lenye kioo kila ncha. Shabaha inatazamwa kutoka ncha zote mbili, na mistari miwili ya macho inakutana kwenye shabaha kwa pembe nyembamba sana. Urefu wa bomba ugawe kwa pembe hiyo, kwa radiani, ni umbali. Manowari nyingi za Waingereza vitani Jutland, tarehe 31 Mei 1916, zilikuwa na bomba la futi 9, yaani mita 2.74. Kwa shabaha iliyo kilomita 14, pembe ni 2.74 ugawe kwa 14,000: radiani 0.0002. Hiyo ni sarafu ya sentimita 2 ukiitazama kutoka mita 100. Ukikosea sehemu moja ya hamsini ya upana wa sarafu hiyo, umekosea sehemu moja ya hamsini ya umbali, mita 280, na meli nzima imekuponyoka. Halafu kuna jambo baya zaidi, ambalo unaweza kulithibitisha mwenyewe kwa kutafuta derivativu ya b/θ (b ni urefu wa bomba, θ ni ile pembe): kosa la umbali linakua kwa mraba wa umbali. Shabaha ikiwa mbali mara mbili, kosa ni mara nne. Dawa ilikuwa kurefusha bomba, na manowari mpya za aina ya Queen Elizabeth zilipewa la futi 15.

Königsberg ilikuwa imesimama. Shida kubwa inaanza shabaha ikitembea, na wewe mwenyewe unatembea.

Chukua meli inayokata mbele yako kwa noti 20, sawa na mita 10.3 kwa sekunde, umbali wa kilomita 10. Uelekeo wake unabadilika kwa kasi gani? Gawa tu: radiani 0.00103 kwa sekunde, miliradiani moja kila sekunde. Kombora likichukua sekunde 25 kufika, unalenga miliradiani 26 mbele ya meli, ambazo huko iliko ni mita 257. Fomula yako ya darasani, v = rω (v ni mwendo, r ni umbali, ω ni kasi ya kubadilika kwa pembe), ndiyo iliyofanya kazi hiyo yote, na fomula hiyo inakubali radiani peke yake. Ukiandika ω kwa digrii, jibu linatoka kubwa mara 57.

Hesabu ile ni rahisi kwa sekunde moja. Lakini masafa yanabadilika, uelekeo unabadilika, na kasi yenyewe ya mabadiliko inabadilika. Hakuna binadamu anayeweza kuirudia kila sekunde kwa kalamu. Kwa hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza wakiwa na wabunifu kama Dumaresq, Dreyer na Pollen, na Wamarekani wakiwa na Hannibal Ford, walijenga kompyuta za chuma. Ndani ya zilizoendelea zaidi kuna kifaa kimoja ambacho ningependa kila mwanafunzi wa kalkulasi akishike kwa mkono wake.

Ni sahani bapa inayozunguka kwa kasi isiyobadilika, kama saa. Juu yake imekandamizwa gololi. Gololi ikiwa katikati kabisa ya sahani, haibingiriki. Ukiisogeza nje kidogo, inabingirika polepole. Ukiipeleka karibu na ukingo, inabingirika kwa kasi, kwa sababu uso wa sahani chini yake unapita kwa mwendo wa r mara ω, r ikiwa umbali wa gololi kutoka katikati. Juu ya gololi kumelazwa silinda inayopokea mbingiriko huo na kuzungusha kaunta. Sasa ifanye r iwe ni kasi ya kubadilika kwa masafa: meli zikikaribiana haraka, isogeze gololi mbali upande mmoja, zikianza kuachana, ivushe katikati uipeleke upande wa pili, na silinda itazunguka kinyume. Kaunta inajumlisha yenyewe, na namba iliyopo mbele yako ni masafa ya sasa hivi, hata kama moshi umeificha shabaha. Hiyo ni intigrali, mwanangu, ileile ya r dθ unayoiandika kwenye daftari, inafanywa na chuma kilichopakwa mafuta. Chuma hakijui digrii. Gololi inapobingirika juu ya sahani inapima tao, na tao ni nusu kipenyo mara radiani.

Aliyebuni mfumo huo wa sahani, gololi na silinda ni James Thomson, mhandisi wa Belfast, kaka yake Lord Kelvin. Ulitangazwa mwaka 1876, na Kelvin akautumia kwanza kwenye mashine ya kuchambua maji kupwa na maji kujaa, miaka mingi kabla mtu hajaufikiria kwa ajili ya mizinga. Na James Thomson huyohuyo, mwaka 1873, aliwatungia wanafunzi wake wa Queen's College, Belfast, karatasi ya mtihani ambamo neno radiani lilionekana katika chapa kwa mara ya kwanza. Wazo la kupima pembe kwa tao lilikuwepo tangu kwa Roger Cotes mwanzoni mwa karne ya 18, ila jina alilichapisha Thomson. Mtu mmoja ametupa neno na ametupa gololi. Nimefundisha somo hili miaka mingi, na bado nikifika hapa nasimama kidogo.

Sasa habari ya mrama. Mjomba wako ataielewa kuliko mimi na wewe. Meli inayoyumba ubavu kwa ubavu ni saini, ile sin ya hisabati, inayoonekana kwa macho. Tuseme inalala digrii 10 kila upande na mzunguko mzima unachukua sekunde 10. Pembe yake kwa wakati t ni A sin(ωt), ambapo A ni radiani 0.1745 na ω ni 2π ugawe kwa 10, yaani 0.628. Kasi ya kuyumba ni derivativu: Aω cos(ωt), na inafikia kilele meli inapopita wima, radiani 0.11 kwa sekunde. Tuseme kati ya amri ya kufyatua na kombora kutoka mdomoni mwa mzinga inapita sekunde 0.02. Katika upepeso huo wa jicho, mzinga umeshasogea radiani 0.0022. Kwa shabaha iliyo kilomita 5, kombora linapita mita 11 juu au chini ya ulipolenga. Limeruka juu ya sitaha au limechimba maji.

Ilikuwa ndiyo sababu ya mabaharia kukosa sana zamani, hata shabaha ikiwa karibu. Desturi ilikuwa kungoja meli ikae sawa ndipo ufyatue, na kumbe pale inapokaa sawa ndipo inapopita kwa kasi kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Kosini ya sifuri ni moja. Nahodha Percy Scott wa HMS Scylla alimwona mpiga mzinga mmoja akizungusha gurudumu lake bila kuacha, akifuata mrama, darubini yake haitoki kwenye shabaha. Akawafundisha wote namna hiyo. Katika mazoezi ya mwaka 1899 meli yake ilipiga 56 kati ya makombora 70. Siku hizi jairo (kifaa kinachohisi kugeuka kwa meli) na mota ndizo zinazofanya kazi ya yule mpiga mzinga: kompyuta inasoma pembe na kasi yake mara nyingi kila sekunde, na inapeleka kwa mzinga kinyume chake.

Angalia nilichofanya kimyakimya pale juu. Nilisema derivativu ya sin(ωt) ni ω cos(ωt). Hiyo ni kweli kwa radiani tu. Kwa digrii kila derivativu inadai uzidishe kwa π/180, na derivativu ya pili inadai tena. Sababu ni ule uzi kwenye sinia: kwa radiani, saini ya pembe ndogo ni karibu sawa na pembe yenyewe. Jaribu na ile digrii 10: radiani 0.1745, saini yake 0.1736. Tofauti ni nusu ya asilimia. Kwa miliradiani kumi hutaiona kabisa. Ndiyo maana karibu katika kila lugha ya kuandikia programu za kompyuta, sin na cos zinapokea radiani. Mtunzi wa programu akizipa digrii kwa kusahau, hakuna kengele itakayolia. Itatoka namba inayofanana na jibu, na si jibu.

Kwenye rada, radiani inabeba maana ya wimbi. Manowari nyingi za Marekani zenye mfumo wa ulinzi wa Aegis zina rada iitwayo SPY-1, ambayo haizunguki kama zile unazoziona juu ya feri. Ni mabamba makubwa yaliyobandikwa kwenye kuta za meli, kila moja lina upana wa karibu mita 3.7 na vipengele zaidi ya 4,000 vya kurusha mawimbi. Linatazamaje kushoto na kulia bila kusogea? Fikiria wavuvi waliosimama kwenye maji mstari mmoja, kila mmoja na kasia. Wakipiga maji kwa pamoja, wimbi linakwenda moja kwa moja mbele yao. Wakipiga mmoja baada ya mwingine, wa kushoto akianza na wa kulia akimalizia, wimbi linaelekea upande wa kulia. Ucheleweshaji kati ya mmoja na jirani yake ndio unaoamua uelekeo. Kwenye rada ucheleweshaji huo unahesabiwa kama sehemu ya mzunguko wa wimbi, na mzunguko mzima ni 2π. Vipengele vikiwa nusu ya urefu wa wimbi kutoka kimoja hadi kingine, tofauti inayotakiwa ni π sin θ, θ ikiwa pembe unayotaka kutazama. Kutazama digrii 30 pembeni, saini ni nusu, basi kila kipengele kichelewe π/2 nyuma ya jirani yake: robo ya wimbi. Mwali unahama pasipo kitu chochote kusogea, ndani ya muda mfupi kuliko upepeso wa jicho.

Unene wa mwali nao ni mgawanyo uleule wa upana kwa umbali, umegeuzwa: urefu wa wimbi ugawe kwa upana wa bamba. Wimbi la sentimita 9 kwa bamba la mita 3.7 linatoa radiani 0.024, na kwa uhalisia inazidi kidogo kwa sababu ya namna nguvu inavyopungua kwenye kingo. Kwa kilomita 100 mwali huo una upana wa kilomita 2.4 na zaidi. Kwa hiyo rada ikikuambia kuna ndege, swali la kwanza la fundi ni: ndani ya miliradiani ngapi? Mwanga wa leza umekwenda mbali zaidi. Meli USS Ponce ilifungwa silaha ya leza ya kilowati 30 mwaka 2014 na kupelekwa Ghuba ya Uajemi. Leza inatakiwa ikae juu ya sehemu ileile ya shabaha mpaka ipate moto. Ukitetemeka mikroradiani 10 (mikroradiani ni sehemu ya milioni ya radiani), kwa kilomita 2 nukta imehama sentimita 2. Huko digrii imeshakuwa kama kupima dhahabu kwa mizani ya mkaa.

Chumba cha mashine nitakipita haraka. Nguvu ya mhimili ni msokoto mara ω, na ω iwe kwa radiani. Mhimili unaozunguka mara 150 kwa dakika una ω ya 15.7. Rafadha ya kipenyo cha mita 5 kwenye mhimili huo ina ncha inayokata maji kwa 2.5 mara 15.7, mita 39 kwa sekunde. Ncha ikienda kasi kupita kiasi, maji yanachemka kwa kukosa shinikizo, mapovu yanapasuka, na nyambizi iliyo mbali inasikia. Wabunifu wa manowari wanapenda rafadha kubwa zinazozunguka taratibu kwa sababu hiyo.

Nakuachia kazi moja ya kumpelekea mjomba. Muulize maili moja ya baharini ni mita ngapi. Atakujibu 1,852 bila kufikiri. Muulize kwa nini namba mbaya vile, isiyo na sifuri hata moja. Maili ya baharini ni dakika moja ya tao juu ya uso wa dunia, na dakika moja ni digrii moja ugawe kwa 60. Igeuze iwe radiani: π ugawe kwa 10,800, yaani 0.00029089. Zidisha kwa nusu kipenyo cha dunia, mita 6,371,000. Utapata 1,853. Ile mita moja inayozidi ni kwa sababu dunia si duara kamili, na mkutano wa mwaka 1929 uliofanyika Monaco ukakata shauri namba iwe 1,852. Kila mara alipopima safari kwenye ramani kwa bikari, akahesabu dakika za latitudo pembeni na kuziita maili, mjomba alikuwa akizidisha nusu kipenyo kwa radiani, na dunia yenyewe ndiyo sinia.